Twende London kama wenye mzigo, si kama wenye bendera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo kwetu sisi tunaoshinda bandarini ni la kila siku, ingawa kwa wasomaji wengi linaonekana kuwa la mbali. Tarehe 17 Oktoba 2025, jijini London, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, yaani IMO, zilipiga kura kuahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kuzitoza meli kubwa gharama ya hewa chafu zinayoitoa angani. Nchi 57 zilitaka kuahirisha, 49 zilikataa, na 21 hazikuegemea upande wowote. Habari hiyo ilipita magazetini mwetu kwa aya mbili tatu, pembeni ya ratiba ya Ligi Kuu, kana kwamba ni ugomvi wa matajiri kuhusu moshi wa meli zao.

Mimi ni wakala wa forodha, na ofisi yangu iko Kurasini kwa zaidi ya miaka 25. Sina meli, wala sijapata kumfahamu Mtanzania mwenye meli ya kuvuka bahari kuu. Ninachokifahamu ni mzigo: unatoka wapi, unalipiwa nini, unaharibika vipi, na ukiharibika nani anabaki na hasara. Kwa macho ya mzigo, kura ile ilituhusu sisi kuliko ilivyowahusu wengi waliokaa ukumbini.

Kwa faida ya ambao hawakufuatilia, niseme kwa ufupi. Mwezi Aprili 2025 kamati ya mazingira ya IMO iliidhinisha rasimu ya mpango huo kwa kura 63 dhidi ya 16, na nchi 24 zikajizuia. Mpango ulizilenga meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa zaidi ya tani 5,000, ambazo ndizo hutoa takriban asilimia 85 ya hewa ukaa ya usafirishaji huo. Meli itakayoshindwa kufikia kiwango cha usafi wa nishati ingelipa dola 100 kwa kila tani iliyozidi katika ngazi ya kwanza, na dola 380 katika ngazi ya pili, na fedha hizo zingeingia katika mfuko mmoja wa kimataifa. Oktoba ilikuwa zamu ya kuupitisha rasmi. Marekani ikatishia kuzinyima viza, kuzitoza meli zao ada za bandari na kuziwekea vikwazo nchi zitakazouunga mkono, Saudi Arabia ikatoa hoja ya kuahirisha, na hoja ikapita.

Kilichonivutia zaidi katika kura ile si Marekani wala Saudi Arabia, kwa sababu msimamo wao ulijulikana mapema. Ni Ugiriki. Umoja wa Ulaya, ambao Ugiriki ni mwanachama wake, ulitaka mpango upite; lakini ilipofika saa ya kura, Ugiriki na Kupro zilijitenga na wenzao na kujizuia. Ugiriki ni nchi ya watu wapatao milioni 10, lakini wenye meli wake ndio wanaomiliki uwezo mkubwa zaidi wa kubeba shehena kuliko wa taifa lingine lolote, mbele ya China na Japani. Kwao jambo hilo limefika hadi kwenye katiba: ibara ya 107 inailinda sheria ya mwaka 1953 ya mitaji ya kigeni, ambayo imezipa meli zilizosajiliwa chini yake kinga ambayo serikali inayofuata haiwezi kuifuta kwa kura ya kawaida ya bunge. Mgiriki hafiki London ndipo aanze kuulizana na wenzake maslahi ya nchi yake ni yapi. Anakwenda nayo mkobani. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi namwonea wivu.

Hata muundo wa IMO wenyewe umejengwa juu ya neno hilo hilo, maslahi. Baraza lake lina kundi la kwanza la nchi zenye maslahi makubwa zaidi katika kutoa huduma za meli, ambamo Ugiriki imo, na kundi la pili la nchi zenye maslahi makubwa zaidi katika biashara ya baharini, kisha kundi la tatu la nchi nyingine zinazochaguliwa ili kila pembe ya dunia iwakilishwe. Ukiomba kiti unaulizwa kwanza wewe ni nani baharini. Naona swali hilo hatujalijibu vizuri.

Zamani tulijaribu kulijibu kwa kununua meli. Mwaka 1966 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilianzisha shirika la pamoja la meli la Afrika Mashariki, na wazee waliokuwa makuli na makarani wa gatini wakati huo bado wanazitaja meli zake kwa majina, Harambee, Ujamaa, Uganda na Mulungushi, kama mtu anavyowataja ng'ombe wake wa zamani. Kufikia mwaka 1980 shirika lilikuwa limekwisha. Kampuni ya ubia kati yetu na China, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilidumu zaidi, lakini hakuna atakayesema kwa dhati kwamba tunafanana na taifa la meli kama Norwei.

Baadaye tukalijibu kwa kukodisha bendera. Katiba ya Muungano imetuachia daftari mbili za usajili, moja Bara na nyingine Zanzibar, na ile ya Zanzibar ikafunguliwa kwa meli za kigeni. Mwaka 2012 ikabainika kwamba meli kadhaa za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zilikuwa zikitembea zikiwa na bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na ikabidi zifutwe. Januari 2018 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, akalazimika kulitangazia taifa kwamba meli mbili zenye bendera yetu zimekamatwa katika bahari za mbali, moja ikiwa na dawa za kulevya na nyingine na milipuko, na Rais Magufuli akaagiza usajili wa meli za kigeni usimame. Sitaki kurefusha habari hiyo. Nimeigusa tu ili ionekane kwamba bendera inayopepea mlingotini mwa meli ya mtu mwingine haimfanyi mwenye bendera kuwa taifa la meli. Ada anayoipata ni ndogo na aibu ni yake yote.

Basi sisi ni nani baharini? Sisi ni wenye mzigo. Kila lita ya dizeli, kila mfuko wa mbolea, karibu kila gari la mtumba na sehemu kubwa ya ngano tunayoila huingia kwa meli ambayo si yetu, na kahawa, korosho, katani na shaba ya Zambia na Kongo hutoka kwa meli hizo hizo. Mwenye mzigo naye ana maslahi, tena makubwa, ila tofauti na mwenye meli ni kwamba hana chama kimoja cha kumsemea. Ametawanyika Kariakoo, Mwanjelwa, Kampala na Lubumbashi.

Tazama ankara ya kontena moja. Nauli yenyewe ni mstari mmoja tu, na chini yake kuna tozo ya mafuta ya meli, gharama za kupokelea kontena bandarini, ada ya hati, ada ya lakiri, na tangu Wahuthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, tozo za hatari ya vita na za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tangu Januari 2024 upo mstari mwingine ambao wateja wangu wengi huulipa bila kuuliza. Ni tozo ya hewa chafu ya Umoja wa Ulaya. Meli ikitoka Antwerp kuja Dar es Salaam, Ulaya inahesabu nusu ya hewa chafu ya safari hiyo na kumtaka mwenye meli alipie vibali vya kuitoa. Ilianza na asilimia 40 ya hesabu hiyo kwa mwaka 2024, ikawa 70 kwa mwaka 2025, na kuanzia 2026 ni yote. Mwenye meli haitoi fedha hiyo mfukoni mwake. Anaihamishia kwenye ankara, wakala wake anaipeleka kwangu, mimi naipeleka kwa mfanyabiashara, naye anaipachika kwenye bei ya friji au ya vipuri vya trekta. Fedha inayopatikana inabaki Ulaya.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaosema kwamba kuahirishwa kwa mpango wa London kumetupunguzia mzigo. Tozo ipo na tunailipa. Kilichoahirishwa ni ule mfuko wa kimataifa, ambao rasimu yake ilitaja waziwazi kwamba sehemu ya fedha itumike kupunguza maumivu ya nchi maskini zaidi na za visiwa. Tathmini ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, iliyoandaliwa kwa ajili ya mazungumzo hayo nayo ilionyesha kuwa nchi zinazoendelea ndizo zitakazoguswa zaidi. Na hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini katika jumuiya yetu: katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi Tanzania imo, Uganda imo, na Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi zimo. Kenya haimo. Mombasa na Dar es Salaam zinagombea mzigo ule ule wa Kampala na Kigali, lakini mbele ya mfuko huo si sawa, na haifai kudhani kwamba kauli moja ya Afrika Mashariki itatutosha sote bila sisi kwa sisi kuzungumza kwanza.

Niruhusu sasa nitoe mfano kutoka mezani kwangu, kwa sababu bila mfano maneno kama mkataba na maslahi hubaki hewani. Miaka mingi iliyopita mteja wangu, mzee mmoja wa Kariakoo, aliagiza kontena la vitenge kutoka Asia. Tulipolifungua yadi, harufu ilitupiga kabla ya macho kuona kitu. Marobota ya safu ya chini yalikuwa yamelowa na kuota ukungu, na rangi nyekundu ilikuwa imechujukia kwenye njano. Mkaguzi wa bima alitoa kichupa cha nitreti ya fedha, akadondosha matone kwenye kipande cha kitambaa, na tone likageuka jeupe kama maziwa: maji ya chumvi. Haikuwa mvua ya yadi wala uzembe wa ghala. Bahari iliingia ndani ya kontena likiwa melini.

Tukaandika madai. Wakala wa kampuni ya meli, ambayo sitaitaja, alitupokea kwa heshima zote, akageuza hati ya shehena, ile tunayoiita BL, na kutuonyesha upande wa nyuma. Upande ule umechapwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba mzee aliazima miwani ya karani akaiweka juu ya miwani yake. Ilisema kwamba shauri lolote litasikilizwa London, kwa sheria ya Uingereza. Kwamba dai lisilofunguliwa ndani ya mwaka mmoja limekufa. Kwamba kampuni haiwajibiki kwa hasara iliyotokana na kosa la nahodha au mabaharia katika kuiendesha meli. Mzee aliuliza swali moja: "Yaani dereva akikosea, tajiri wake halipi?" Nikamjibu kwamba baharini ndivyo ilivyo. Wakili wa London alitaka malipo ya awali yaliyozidi thamani ya marobota yaliyoharibika. Mzee alivianika vile vilivyofaa, akaviuza kwa bei ya matambara, na shauri likaishia hapo.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni kwamba tulikuwa tumekwisha kuliona tatizo hilo na kulizungumza kimataifa. Masharti ya nyuma ya hati ile yanatokana na kanuni za Hague za mwaka 1924, yaani kanuni za kimataifa za kubeba shehena baharini. Mwaka 1978 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano Hamburg, na nchi zenye mzigo, zikiwemo za Afrika, zikapata mkataba ulio bora kwao: kinga ya kosa la nahodha ikafutwa, muda wa kudai ukawa miaka miwili, na mwenye mzigo akaruhusiwa kufungua shauri katika bandari ya kushushia. Tanzania na Uganda zilijiunga nao mwaka uliofuata tu, 1979, na Kenya mwaka 1989. Zambia na Malawi, ambazo hazina hata kipande cha ufuko, zikafuata. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1992. Lakini Ugiriki haikuuridhia, wala Uingereza, Japani, Norwei au China. Tulipata mkataba ulioridhiwa na wenye mzigo karibu watupu, na hati za shehena zikaendelea kuandikwa na wenye meli. Nasi pia hatukujisaidia, kwa maana miaka mingi baada ya kujiunga na Hamburg, kitabu chetu cha sheria kiliendelea kubeba zile kanuni za 1924 tulizorithi kwa mkoloni.

Wapo watakaosema kwamba huo ndio ushahidi kuwa mwenye mzigo hana ubavu mbele ya mwenye meli. Historia ya kanuni hizo hizo za Hague inawakatalia. Mwishoni mwa karne ya 19 taifa kubwa la meli lilikuwa Uingereza, na kampuni zake ziliandika kwenye hati za shehena karibu kila kinga waliyoweza kuifikiria. Marekani ya wakati huo ilikuwa kama sisi, nchi ya pamba na ngano inayosafirisha kwa meli za watu. Mwaka 1893 bunge lake lilipitisha sheria iliyobatilisha kinga za mwenye meli asiyetunza mzigo, kwa shehena yoyote inayoingia au kutoka katika bandari zake. New Zealand ikafuata mwaka 1903, Australia 1904 na Kanada 1910. Wenye meli wa Uingereza walipoona kila bandari inawawekea sheria yake, ndipo wakakaa mezani kutafuta kanuni moja ya dunia. Kwa hiyo hata hizo kanuni za 1924 tunazozilalamikia zilikuwa, kwa wakati wake, ushindi wa nusu wa wenye mzigo, nao ulianzia kwenye sheria za nyumbani.

Nasi tuna ushindi wetu. Mwaka 1972, huko Geneva, Kenya iliwasilisha vifungu vya rasimu vya ukanda wa kiuchumi wa bahari wa maili 200, ambamo mali za baharini ni za nchi yenye pwani, wazo ambalo mwanasheria wake Frank Njenga alikuwa amekwisha kulitoa mbele ya kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika. Mataifa ya meli na ya uvuvi wa mbali hayakulipenda. Japani ilipinga kwa muda mrefu hadi ikabaki karibu peke yake. Kilichosaidia ni kwamba waliolileta walijua wanataka nini, samaki na mali za chini ya bahari, na wakakubali kuwaachia wenye meli kile walichokihitaji zaidi, yaani uhuru wa kupita. Mkataba wa Sheria ya Bahari uliposainiwa Montego Bay mwezi Desemba 1982, ukanda ule ulikuwamo, na tume ya maandalizi iliyofuata ikaongozwa na Mtanzania, Joseph Warioba.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni la kawaida tu. Mpango wa London utarudi mezani, na kabla ya ujumbe wetu kupanda ndege, wizara na mamlaka zinazohusika ziwaite wenye mzigo wa nchi hii, waagizaji wa mbolea na mafuta, wasafirishaji wa korosho na kahawa, mawakala wa forodha, na pia wakufunzi wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ambao ndio watakaowafundisha vijana wetu kuhudumia injini za meli zinazotumia nishati safi zaidi, kama methanoli na amonia. Waulizwe hesabu, si maoni ya jumla: mstari gani wa ankara utaongezeka, kwa kiasi gani, na kiasi gani kinapaswa kurudi na kupitia mlango upi. Msimamo utakaopatikana uandikwe na ujadiliwe bungeni, ili kura yetu ijulikane hapa kabla ya kupigwa kule. Wenzetu wa Zambia na Malawi, ambao mzigo wao unapita mikononi mwetu, waalikwe pia. Na wakati huo huo, mwanasheria mmoja au wawili wapewe kazi ya kuhakikisha kwamba tuliyoyakubali mwaka 1979 yanasomeka katika sheria zetu kwa namna ambayo hakimu wa Dar es Salaam anaweza kuitumia.

Iwapo mkutano kama huo utaitishwa, mimi nitahudhuria kwa nauli yangu. Nakala ya ile hati ya shehena bado ninayo kwenye faili, pamoja na kipande cha kitenge chenye doa alichotuachia mkaguzi, na nitavileta vyote viwili.

Wako,
Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam